Toyota IST yangu, kilomita 214,000, na yule mama wa Kijapani ndani ya dashibodi

Kila asubuhi nikigeuza ufunguo, mama mmoja wa Kijapani ananisemesha. Sentensi moja tu, kwa adabu kubwa, halafu kimya. Mwaka wa kwanza nilidhani ananikaribisha garini. Siku moja nikampa lifti kijana aliyewahi kusoma Japani, akamsikia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mama wa watu anasema kadi ya ETC haijachomekwa. Ni kadi ya kulipia barabara za haraka za huko kwao, na kifaa chake kilisahauliwa garini lilipopandishwa meli. Basi tangu 2018 ananidai kadi ambayo sitakaa niipate, na barabara zenyewe ziko ng'ambo ya bahari.

Redio nayo ilikuja na ukwao. FM ya Japani inaanzia 76, na redio nyingi za magari ya miaka ile ziliishia 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo nilikuwa nazisikia kwenye magari ya wenzangu tu, mpaka niliponunua kile kidude cha kushusha masafa.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2004, ile ya umbo la kwanza, yenye spidomita katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Chasisi NCP61, injini 1NZ-FE, cc 1,496. Haya ya chasisi nayaandika kwa makusudi, maana ukienda Gerezani kununua spea swali la kwanza ni hilo: "Sitini au sitini na moja?" Sitini ni ile ya cc 1,300. Niliiagiza mwenyewe ikiwa na kilomita 78,000, nikaisajili kwa namba za D, na kwa umri wake nikaongezewa ushuru wa uchakavu uliofanya kodi ikaribie bei ya gari. Leo inasoma 214,000. Mjini Dar, foleni na kiyoyozi, inanipa kilomita 11 au 12 kwa lita. Safari ndefu nikitulia kwenye 80 hadi 90 inafika 16. Injini haijafunguliwa. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo ule wasiwasi wa kubadili mkanda kila baada ya kilomita laki moja sina. Nimebadili shokapu za mbele mara mbili, bushi sikumbuki mara ngapi, na mauntini za injini, ambazo kwa barabara za mtaani kwetu ni kama sabuni, zinaisha tu.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema Toyota haifi, kama wanavyosema wote. Ila mwaka wa nne nilikaribia kuiua.

Ilianza kwa taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa. Gari linatembea vizuri, taa inawaka. Nikaenda gereji moja ya jirani, sitaitaja. Fundi akasikiliza injini, akapiga resi mara mbili, akasema, "Bosi, hii gari haina shida, ni taa tu inasumbua." Akafungua dashibodi, akabandika kipande cha selotepu nyeusi nyuma ya kitaa, akarudishia. Elfu kumi. Nikaondoka nimefurahi! Nakiri hilo kwa aibu, kwamba nililipa pesa ili nisiambiwe kitu na gari langu mwenyewe.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunapanda Lushoto kwenye harusi ya shemeji. Wanaoijua njia ile kutoka Mombo wanajua: kona baada ya kona, mlima mkono mmoja na korongo mkono wa pili, hakuna pa kupumzisha gari. Kabla hatujafika Soni mama watoto akasema anasikia harufu. Nikamwambia ni breki za lori lililo mbele. Akasema, "Baba, simamisha gari." Nikasimamisha, nusu kwa kuudhika. Mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande. Ningezima injini dakika tano baadaye, silinda hedi ingekuwa imepinda, na leo ningekuwa naandika mengine.

Tulivutwa hadi Mombo. Fundi wa pale, mzee wa makamo asiye na haraka, aliunganisha kimashine chake, ikasoma hitilafu ya sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini. Akafungua rejeta. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akaniuliza maji haya nilijaza wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza nyumbani ni maji gani. Nikasema ya kisima. Akauliza kisima cha wapi. Dar. Akanitazama tu. Visima vingi vya Dar vina chumvi, nguo zenyewe hazitoi povu, na mimi nimekuwa nikiyamimina kwenye injini ya aluminiamu miaka mitatu kwa sababu kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, niliiona ghali. Kutu iliziba rejeta, ikala na sensa. Sensa ikapiga kelele kwa kutumia ile taa. Nami taa nikaibandika selotepu.

Sasa nieleze kwa nini kisa hiki kilinifanya nianze kusoma habari za kampuni ambayo gari lake nimekalia miaka yote bila kujiuliza limetoka wapi. Ndugu zangu, Toyota haikuanza na magari. Ilianza na vitambaa. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa 1867, alikuwa mtoto wa seremala na alikulia kijijini ambako wanawake walifuma usiku na mchana. Alitumia maisha yake kuunda mitambo ya kufuma, na mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha ule ulioitwa Aina ya G. Ubora wake haukuwa kasi tu. Uzi mmoja ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Kabla ya hapo uzi ulikatika bila mtu kuona, mtambo ukaendelea kufuma, na kitambaa kizima kikatoka kibovu, labda awepo mtu wa kukikodolea macho kutwa. Mtambo wa Sakichi ulijisimamisha, kwa hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mingi kwa pamoja.

Mwaka 1929 waliuza haki za mtambo huo kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000, na Kiichiro akajitosa kwenye magari. Kampuni ya magari ikasajiliwa 1937. Jina lilishageuzwa mwaka uliotangulia kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao ya katakana Toyota inaandikwa kwa mikwaju minane ya kalamu, na nane kwao ni namba ya heri. Mji wa Koromo walikojenga kiwanda uliishia kubadilishwa jina 1959, ukaitwa Toyota.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1950 kampuni ilikuwa taabani kwa madeni, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro akajiuzulu. Akafariki 1952. Kilichowanusuru ni Vita vya Korea, jeshi la Marekani lilipoagiza malori kwao. Wakati huo mtu aliyeitwa Taiichi Ohno, ambaye naye alianzia kwenye kampuni ya vitambaa ya ukoo ule, alikuwa anaingiza akili ya mtambo wa kufuma kwenye kiwanda cha magari. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro avute kamba, laini ya kuunganisha magari isimame, kasoro itafutwe mzizi. Na kutafuta mzizi ni kuuliza "kwa nini" mara tano. Niliposoma hapo nilimkumbuka yule mzee wa Mombo na maswali yake. Sidhani kama aliwahi kumsikia Ohno.

Hapo ndipo nilipoona uchungu wa ile selotepu. Nilikuwa na gari la ukoo uliotajirika kwa mashine inayojisimamisha yenyewe, na nikatoa elfu kumi liache kujisema.

Ila nisimsifie mgema. Wenyewe nao wamewahi kubandika selotepu. Mwaka 2009 na 2010 magari zaidi ya milioni 8 yaliitwa yarudi, kwa ajili ya mazulia ya miguuni yaliyoweza kunasa kwenye pedali ya mafuta na pedali zenyewe zilizoweza kukwama. Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010 na kusema anahofia walikua haraka kupita kiasi. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 huko Marekani kwa sababu iliwapotosha wateja kuhusu kasoro hizo. Desemba 2023 ikawa zamu ya Daihatsu, kampuni yao tanzu, iliyobainika kuchezea majaribio ya usalama kwa miaka mingi, hadi ikasimamisha kupeleka magari sokoni. Mtu anayeniambia Mjapani hawezi kudanganya huwa namwambia asome hizo.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sana sisi wa mitumba. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, ambayo baadhi yake ililipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma, iliwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi, Toyota ikiwemo, na kuondolewa kwake ndiko kurudishwa kwa magari kukubwa zaidi kuwahi kutokea duniani. Mwenye gari Japani alipata barua. Wewe uliyelinunua baada ya mikono miwili na bahari moja hutapata barua. Chukua namba ya chasisi kwenye kadi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama kazi ilifanyika. Ni dakika tano tu.

Umaarufu wa huku kwetu nao una hesabu yake. Baba yangu anakumbuka barabara za Land Rover na Peugeot 504. Sisi tumekuwa wa Corolla, Hiace za vipanya, Coaster, Noah, mkonga wa polisi na shangingi la mheshimiwa. Gari likishakuwa la kila mtu, spea zake zinapatikana hata Mombo saa kumi na mbili jioni, na kila fundi amejifunzia mkono kwenye injini yake. Pia tunasahau mwenye gari wa kwanza. Kule Japani gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali kiasi kwamba wengi huona bora wauze. Langu lilikuja na stika ndogo mlangoni ya kumbukumbu za kumwaga oili, tarehe na kilomita, mstari chini ya mstari. Yule Mjapani nisiyemjua alimwaga oili kwa wakati miaka 14. Mimi nikaja na maji ya kisima.

Kwa anayetaka kununua IST leo: ni gari la mjini. Buti linatosha gunia moja na mabegi mawili, si zaidi. Liko chini, kwa hiyo kama kwenu barabara ina makorongo, fikiria nyingine. Usidanganywe na kilomita chache kwenye dashibodi, zinarudishwa nyuma kirahisi, bora uombe karatasi ya mnada wa Japani na ulinganishe. Tia kulanti. Thamostati, ile vali ya kudhibiti joto la injini, isitolewe, hata fundi akikuapia kwamba huku kwenye joto haina kazi.

Na lile selotepu tulilibandua palepale Mombo. Mzee alibadili sensa, akasafisha rejeta, akamimina kulanti ya kijani, akaniambia nipige stata. Taa ikawaka sekunde mbili, ikazima yenyewe. Mama wa Kijapani akaulizia kadi yake. Harusini tulifika wakati wali unapakuliwa.