Nililipia milima ya Nepal nikapewa ngazi: uzoefu wangu wa Poon Hill

Niko Doha mwaka wa tano sasa na kwa kambi yetu ya wafanyakazi Wanepali ni wengi kuliko sisi Wakenya, kila likizo lazima mmoja akwambie njoo kwetu, njoo uone milima. Mwisho wa mwezi wa tatu badala ya kwenda Nyeri nikasema haya, wacha niende. Nikanunua pakeji ya siku 4 ya Poon Hill, kilima cha kutazamia milima ya theluji, kwa ofisi moja ya Kathmandu niliyoipata mtandaoni, ndani yake basi la Pokhara, gari la kutupeleka hadi kijiji cha Ulleri, mwongozaji, vyumba na chakula. Naandika hii kwa sababu mimi nilitafuta ya Kiswahili nikakosa.

Viza unapewa hapo hapo eapoti, dola 30 za siku 15. Saa yao iko mbele ya yetu kwa masaa mawili na dakika 45, sijui hizo 45 walizitoa wapi lakini zilinifanya nikaribie kuachwa na basi. Kathmandu mpaka Pokhara ni kama kilomita 200 tu, usidanganyike, barabara imebanana na mto, inajengwa, malori yamepanga foleni, sisi tulitoka asubuhi tukafika giza limeingia. Kama una hela ya ndege panda ndege.

Sasa shida. Kesho yake dereva akatushusha Tikhedhunga, akasema amelipwa mpaka hapo. Pigia ofisi, simu inalia haishikwi. Kutoka hapo kwenda Ulleri ni ngazi za mawe zaidi ya 3,000, na mimi natoka Doha ambako mlima mkubwa ni flaiova. Nilikuwa napanda kumi napumzika, napanda tano napumzika. Halafu unapitwa na mama amebeba doko, lile kapu lao la mianzi, kamba imepita kwa paji la uso, kabisa kama shosho akitoka kutafuta kuni, anakupa namaste na wala hahemi. Wanyama nao wanapita wamebeba mitungi ya gesi, nyumbu wa mizigo, sio wale wa Mara, na hapa nisikilize vizuri: ukisikia kengele simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, wakikugonga na mtungi umeenda.

Mwongozaji wetu yeye alikuwa mtu wa makamo, Mgurung, kabila la huko huko. Nikiwa nimekaa kwa ngazi nimechoka kabisa akanigeukia akasema, "Shwaya shwaya, sadiq." Nikamwangalia, hicho ni Kiarabu, polepole rafiki. Kumbe amefanya Qatar miaka sita, Sanaiya, ule mtaa wa viwanda wa Doha, kazi ya kufunga vyuma! Kutoka hapo safari ikabadilika, Kizungu kidogo, Kiarabu cha kambi kidogo, khalas, mudir, mafi mushkila, watu wawili weusi kwa jua tunacheka peke yetu hapo kwa mawe. Nikaanza kumwita dai, ndiyo kaka mkubwa kwao, na mama wa loji unamwita didi, dada, ukiita mtu hivyo chai inakuja haraka. Akanionyesha mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi mpaka chini mtoni, nyumba za mabati mapya zimejengwa na pesa ya Ghuba, na wanaolima ni wazee na akina mama. Vijana wako Qatar, Saudia, Malaysia. Mimi hao vijana ndio nalala nao chumba kimoja.

Kijiji cha Ghorepani, cha kulala kabla ya Poon Hill, tulifika na tochi. Vyumba ni plaiwudi, jirani akikohoa unamwambia pole, joto ni la jiko la kuni kwa chumba cha kulia tu, kuchaji simu unalipia, maji moto unalipia, na kadri unavyopanda bei nayo inapanda kwa sababu kila kitu kimebebwa. Sikatai, nimeona wanaobeba.

Saa kumi alfajiri tukaamka kupanda Poon Hill, mita 3,210, kwa waliofika Lenana kule Mlima Kenya hiyo si kitu lakini magoti yangu yalikuwa bado Ulleri. Juu ukungu mtupu. Dai ananyoosha kidole kwa weupe, "Dhaulagiri pale, mita 8,167, Annapurna pale," mimi naitikia tu. Nikapiga selfi na kibao, tukashuka. Afadhali msitu wa kwenda Tadapani, laligurans, maua mekundu ya huko, zimechanua, miti mikubwa mikubwa myekundu juu na chini ya miguu pia myekundu.

Kijiji cha Ghandruk usiku dai akaniagizia dhindo. Jamani ni ugali wa wimbi! Ila haitafunwi, unachovya kwa supu unameza. Nilimaliza sahani mbili.

Asubuhi nikatoka kupiga mswaki kwa bomba la nje, nikainua kichwa, na hiyo hapo. Machhapuchhre, maana yake mkia wa samaki, mita 6,993, nyeupe, karibu hadi unaona kama itakuangukia. Ni mlima mtakatifu, hawaruhusu mtu kuupanda. Nilisimama na povu mdomoni mpaka likakauka. Didi akapita na ndoo kwenda kukamua nyati wake wa kufugwa, hakuangalia juu hata mara moja.

Nyota: mwongozaji 5, vyumba 3, ofisi 1 na meseji yangu mpaka leo hawajajibu. Tangu 2023 wanataka mgeni awe na mwongozaji, kwa hivyo mtafute Pokhara kwenyewe mpatane uso kwa uso, uliza gari linaishia wapi, uliza kama kibali cha kuingia hifadhi ya Annapurna cha rupia 3,000 kiko ndani ya bei, na beba pesa taslimu.

Tukiagana kwa steji ya Pokhara dai akaniuliza kama ile kafteria ya chai ya karak nyuma ya kambi yao Sanaiya bado iko. Nikamwambia iko, chai imepanda bei tu.