Kiboko, kobe na bibi wa Pawaga: uzoefu wangu na kitabu cha picha

Nilikinunua kitabu hiki kwa shilingi 12,000 kwa muuza vitabu anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara mjini Iringa, na kwa wiki tatu sasa ninakisoma kila jioni, mwanangu wa miaka sita akiwa amejifunika blanketi kwa baridi ya Julai.

Kinasimulia kisa cha kweli cha Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, akapelekwa hifadhi ya wanyama ya Haller Park mjini Mombasa, na huko akamkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa aina ya visiwa vya Aldabra katika Bahari ya Hindi, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba wanyama hawa hawakupewa maneno ya kusema. Mzee anamkwepa mgeni wake hapo mwanzo, naye Owen anarudi kila mara kujilaza nyuma ya gamba lile, hadi siku chache baadaye wanaonekana wakila na kulala pamoja. Mwanangu, aliyemzoea kobe mjanja wa hadithi zetu, alingoja kuona ni lini Mzee atafanya hila. Hila haikutokea, akaniomba nianze upya.

Bibi yake, aliyelima mpunga Pawaga miaka mingi, hakushawishika. "Kiboko hana urafiki, mjukuu wangu," alisema, akaeleza walivyokesha wakipiga madebe ili viboko wa mto Ruaha wasiingie mashambani. Naona simulizi lake lilihitajika, kwa kuwa picha laini za kitabu zinamsahaulisha mtoto kwamba hata ndama yule alikamatwa kwa nyavu na nguvu za watu wengi.

Gundi ya mgongoni imeanza kuachia, lakini hilo si kubwa. Kasoro ninayoilalamikia ni kwamba kitabu kinaishia wawili hao wakiwa pamoja, hali baadaye walitenganishwa, Owen alipokuwa mkubwa kiasi cha kuweza kumuumiza kobe, akawekwa na kiboko jike aitwaye Cleo. Nilipomweleza mwanangu, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza Mzee alibaki na nani. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kesho yake alichora kobe chini ya mti na kiboko akiwa mbali, nasi tukaubandika mchoro huo ndani ya jalada la nyuma.