Kabla ya kuhama mtandao wa kubadilishana wiki za likizo: upi utangulie, upi ufuate

Mwenye taimushea, yaani haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa wiki moja au zaidi kila mwaka, akikosa wiki anayoitaka mara mbili mfululizo, wazo la kwanza linalomjia ni kuhama mtandao, yaani kampuni anayoikabidhi wiki yake ili apewe wiki ya risoti nyingine. Mimi nilihama kwa hasira, na hasira hiyo ilinigharimu wiki nzima. Wiki yangu ilikuwa tayari imewekwa kwenye mtandao wa zamani. Nikaacha uanachama ukaisha, nikiamini kwamba wiki ni mali yangu popote niendapo. Kumbe wiki ikishawekwa huko si yako tena. Unachobaki nacho ni haki ya kupewa nyingine badala yake, na haki hiyo haina kazi pasipo uanachama ulio hai hadi siku ya safari. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa kirefu.

Anza na swali ambalo wauzaji hawalipendi: je, unaweza kuhama kweli? Aliyefunga mkataba na mtandao ni risoti yako, si wewe. Risoti iliyo chini ya mtandao mmoja inakufunga humo, isipokuwa ukitumia kampuni huru ambazo nitazifikia baadaye. Risoti yenye mikataba miwili ndiyo inayokupa nafasi halisi ya kuchagua. Waulize ofisi ya risoti, na jibu walitoe kwa maandishi. Pia ujue kwamba klabu nzima, yaani kampuni ya taimushea yenye risoti nyingi za jina moja, inaweza kuhamishwa na wewe ukiwa ndani yake: kati ya mitandao miwili mikubwa, Interval na RCI, wanachama wa Disney Vacation Club walitolewa Interval wakapelekwa RCI mwaka 2009, kisha mwaka 2022 wakarudishwa Interval. Aliyenunua kwa sababu ya mtandao fulani alijikuta kwenye mwingine bila kuulizwa.

Swali la pili ni la hesabu. Chukua ada ya matunzo unayolipa kila mwaka, ongeza ada ya uanachama, ongeza ada ya kubadilishana. Kisha tazama kodi ya wiki unayoitaka kwa mtu wa kawaida asiyemiliki chochote. Ikiwa kodi ni ndogo kuliko jumla yako, usibadilishane: pangisha wiki yako, na fedha hizo zikakodi unakotaka. Orlando huko Marekani, ambako risoti ni nyingi mno, hesabu hii mara nyingi humwangusha anayebadilishana. Hawaii au milima ya kuteleza kwenye theluji wakati wa Krismasi, mara nyingi humbeba.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa kitu ambacho wengi hawakihesabu kabisa: kubadilishana ndani ya klabu yako mwenyewe. Kama umenunua kwa Hilton Grand Vacations, Marriott, Wyndham au Disney, pointi zako, yaani kipimo cha haki uliyonunua, zinafungua risoti nyingine za familia hiyo bila kupita kwa mtu wa kati. Wewe ni mwenyeji pale, si mgeni, na dirisha lako la kuweka nafasi hufunguka kabla ya wageni wa nje kuona chochote. Maliza kwanza uwezo wa klabu yako ndipo ulipie mtandao mwingine.

Ya pili ni RCI, kwa yule mwenye wiki ya kawaida katika risoti ya kawaida. Ilianzishwa mwaka 1974 huko Indianapolis na Jon na Christel DeHaan, na leo iko chini ya Travel + Leisure Co. Ina maelfu ya risoti katika nchi zaidi ya 100, hivyo kwa upana hakuna anayeifikia. Lakini sababu yangu si upana. Ni uwazi. Tangu mwaka 2010, mwenye wiki anaonyeshwa namba ya nguvu ya wiki yake, yaani thamani yake katika kubadilishana, na kila wiki iliyopo ghalani, kati ya zile zilizowekwa na wanachama, ina namba yake pia. Ukiwa na 30 na unayoitaka ni 18, unaichukua na unarudishiwa chenji ya 12, ambayo unaweza kuitumia kwa safari nyingine. Ukiwa na wiki mbili dhaifu, unaweza kuziunganisha kwa ada ili zipate nguvu ya kununua moja iliyo bora. Kwa mtu mwenye wiki yenye nguvu katika msimu wa watu wengi, chenji hii ndiyo faida yenyewe: wiki moja inaweza kuzaa likizo mbili, wakati mwingine tatu za msimu mtulivu.

Namba hiyo hushuka ukichelewa. Ili upate nguvu kamili, weka wiki miezi tisa au zaidi kabla ya tarehe yake. Nimewaona watu wakilalamika kwamba mtandao umewapunja, kumbe waliweka wiki ikiwa imebaki miezi miwili. Kuhama hakutawasaidia watu hao, kwa maana watachelewa na huko waendako. RCI pia ina mfumo wa pointi ulio tofauti na wa wiki. Muuzaji akikushawishi ugeuze wiki yako iwe pointi kwa malipo makubwa, hilo si suala la kuhama mtandao. Ni ununuzi mpya kabisa, na ulipime hivyo.

Ya tatu ni Interval International, iliyoanza mwaka 1976 na yenye makao yake Miami. Mwaka 2018 iliingia mikononi mwa Marriott Vacations Worldwide. Ina risoti zaidi ya 3,000, chache kuliko mwenzake, ila wastani wa ubora wake uko juu. Mwenye Marriott, Westin, Sheraton au Hyatt asifuate mpangilio wangu: kwake Interval inakaa moja kwa moja baada ya klabu yake, maana huko wenye familia moja hutangulizwa kupata wiki zilizowekwa na wenzao.

Interval haikuonyeshi namba. Inapima wiki kwa wiki, ikitazama msimu, ubora wa risoti, ukubwa wa nyumba na wingi wa wanaoitaka. Njia pekee ya kujua wiki yako inavuta nini ni kutafuta na kuona kinachojitokeza. Na hapo ndipo ina kitu ninachokithamini sana: unaweza kuomba kwanza huku wiki yako ukiwa umeishika mkononi, ukaiachia pale tu unapothibitishiwa nyingine. Mwenye moyo wa wasiwasi, au aliyewahi kupoteza wiki kama mimi, atalala usingizi. Masharti yake ni kwamba ukiomba hivyo, safari lazima iwe kabla ya wiki yako au karibu nayo. Ukiweka kwanza, unapata miaka miwili baada ya tarehe ya wiki yako. Halafu kuna dirisha la siku 59 za mwisho kabla ya safari, ambapo masharti ya kulinganisha hulegea na mwenye chumba kidogo cha msimu mtulivu anaweza kupata nyumba ambayo miezi sita nyuma asingeiona. Anayeweza kusafiri kwa taarifa fupi, na hasa aliyestaafu, anaweza kuishi ndani ya dirisha hilo.

Jambo moja linahusu mitandao yote miwili, nalo lina uzito kuliko kuhama kwenyewe. Wiki nzuri mara nyingi hazifiki kwenye ukurasa wa kutafuta. Zinanaswa na maombi ya watu waliotangulia kusubiri. Ukifungua ukurasa kila jioni ukaona makombo, usiseme ghala ni tupu. Acha ombi la kusubiri mwaka mzima kabla, lenye maeneo kadhaa na tarehe pana. Na kama nyumba yako ya vyumba viwili ina mlango wa kuitenganisha, itenganishe uweke sehemu mbili kama wiki mbili. Baadhi ya risoti hutoza ada kwa hilo, na mara nyingi bado inalipa.

Ya nne ni kampuni ndogo zinazoitwa huru. Nyingi hazitozi ada ya mwaka, hazijali risoti yako imefungwa na nani, na simu hupokewa na mtu. Lakini ghala ni dogo, na uhuru wenyewe uuchunguze: Dial An Exchange, iliyoanzia Australia na sasa inaitwa 7Across, ilinunuliwa na wamiliki wa RCI, na Trading Places iliwahi kuwa kwenye familia ya Interval. Platinum Interchange ni mfano wa iliyobaki peke yake. Nazitumia kwa wiki ambayo ningeipoteza hata hivyo.

Ya mwisho ni kubadilishana na mmiliki mwenzako moja kwa moja. Ada ni ndogo au hakuna, ila mzigo wote wa kuhakiki ni wako. Ipigie simu risoti yake mwenyewe, uhakikishe jina lako limeandikwa kwenye nafasi, kabla hujaachia ya kwako.

Ukiamua kuhama, usifute uanachama wa zamani siku hiyo. Omba orodha ya wiki zote ulizoweka na tarehe ya kila moja kuisha, uzitumie au ulipie kuongezewa muda, na lipia mtandao mpya mwaka mmoja tu, hata wakikupa punguzo la miaka mitano. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Agizo la 2008/122/EC linakupa siku 14 za kujitoa kwenye mkataba wa kubadilishana, na ni marufuku kukutoza chochote ndani ya siku hizo. Kwingineko soma kifungu cha kujitoa kabla ya kutia sahihi. Na anayekupigia simu akisema atakuhamisha au atakuuzia wiki yako ukitanguliza ada, usimpe hata namba ya uanachama. Mamlaka ya Marekani ya kulinda wateja, FTC, imekuwa ikionya kuhusu watu hao kwa miaka, na wanajua vizuri ni mwenye wiki yupi aliyekata tamaa.