ShellCheck: inakagua skripti vizuri, ila ruhusa ya x ni juu yako

Wanaotunza kompyuta za Linux za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, watalitambua tatizo hili: skripti (faili la amri) ya kunakili hesabu imeandikwa kwenye Windows, ikaletwa na flashi, na ukiiendesha inajibu "bad interpreter: No such file or directory". Ukiangalia, /bin/bash, yaani programu inayotakiwa kuisoma skripti hiyo, ipo.

Linux haijali kama jina la faili linaishia na .sh. Ukiita ./akiba.sh, kerneli (kiini cha Linux) huangalia kwanza kama faili lina ruhusa ya x, yaani ya kuendeshwa, kisha husoma baiti za mwanzo. Ikikuta #! huifuata njia ya programu iliyoandikwa hapo na kuikabidhi programu hiyo jina la faili ili ilisome. Programu nyingi za kuandikia za Windows humaliza mstari kwa alama mbili fiche, CR na LF, wakati Linux hutumia LF peke yake. Hiyo CR haionekani kwa macho, lakini kerneli huihesabu kuwa sehemu ya jina, na programu ya jina hilo haipo.

Hapa ndipo ShellCheck, programu inayosoma skripti na kutaja makosa yake, inapostahili sifa. Hutaja kosa hilo kwa namba SC1017 na dawa yake, tr:

tr -d '\r' < akiba.sh > mpya.sh

Hukamata pia SC1082, yaani baiti 3 za BOM (alama fiche ya UTF-8 mwanzoni mwa faili) zilizotangulia #!. Kosa hili ni baya zaidi kwa sababu hujificha: ukiiita skripti kwa mkono, bash huiendesha yenyewe, lakini ukiikabidhi systemd (programu inayoendesha huduma za Linux), inagoma kwa "Exec format error". Na ukiandika #!/bin/sh halafu ukatumia safu (arrays) za bash, ShellCheck inakuonya mapema, maana kwenye Ubuntu sh ni dash, programu nyingine isiyozijua safu hizo.

Ni ya bure, huwekwa kwa sudo apt install shellcheck, na baada ya hapo haili bando.

Upungufu wake ni kwamba inasoma maandishi tu. Haikuambii kuwa mpya.sh, kwa kuwa ni faili jipya, limezaliwa bila ruhusa ya x. Utakutana na "Permission denied" hadi uandike chmod u+x mpya.sh. Na usiifanye hiyo chmod ndani ya flashi: FAT32, mfumo wa faili unaotumika kwenye flashi nyingi, haina mahali pa kuhifadhi ruhusa hizo. Nakili faili kwenye diski ya Linux kwanza, ndipo uipe x.