Guta jipya, swichi ya ukutani

Jamani mimi si mtu wa kulalamika, muulizeni yeyote, ila hili guta la matairi matatu limenitoa kwenye tabia yangu. Jina silitaji, wenye nalo wataligundua tu. Nililichukua msimu wa korosho, si huu uliopita, ule mwingine, duka moja hapo Mtwara mjini, keshi, milioni saba na ushee, nikajua sasa nimetoka. Kazi yangu kubeba korosho za watu vijijini huku Tandahimba kupeleka ghala la chama cha msingi.

Wiki ya tatu, kama si ya nne, nimepakia gunia nane. Gunia ni kilo 80, piga hesabu mwenyewe, tani haijafika na wao walinambia linabeba tani bila wasiwasi. Mchanga wa huku mnaujua, tairi inazama kama uko ufukweni. Mara nasikia harufu kama sukari inaungua, kuangalia, rejeta inatoa mvuke fyuuu, birika kabisa. Nikazima.

Sasa mtu wa Dar hawezi kunielewa hapa. Huku juu maji ni mali, kiangazi mtu ananunua ndoo na hiyo ndoo anaihesabu. Nikabisha hodi nyumba ya kwanza, bibi mmoja, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza, "Maji ya kunywa wewe au ya kumpa huyo?" huku anaoneshea guta kwa mdomo. Akanipa nusu ndoo. Yaani nilimimina kwenye chuma naona aibu. Na wingu linajikusanya upande wa Newala, korosho ikilowa inashuka daraja, mwenye mzigo kakaa juu ya gunia lake hasemi kitu. Afadhali angenitukana.

Ugonjwa wenyewe: feni ya kupoza rejeta haizunguki. Basi. Guta jipya, feni haizunguki.

Nikalipakia kwenye fuso mpaka mjini, gharama yangu, waranti si ipo. Kijana wa kaunta, mtoto wa kumzaa, salamu hakuna, macho kwenye simu. "Mzee umezidisha mzigo." Nikamwambia gunia nane. "Basi itakuwa barabara, waranti haihusu barabara mbovu." Nikamuuliza, sasa nyie mnauza guta Mtwara mkijua tutabebea wapi, baharini? Akanisukumia kitabu nisome mwenyewe, nusu Kichina nusu Kiingereza, ati kila kitu kimo humo. Halafu picha zimetumwa kiwandani Uchina, nisubiri majibu. Nimesubiri mpaka msimu umeisha, korosho wamebeba wengine. Hao wa kiwandani nao sijui walilijaribia wapi, labda kwenye marumaru.

Aliyenisaidia ni fundi wa chini ya mkorosho. Kaangalia dakika tano, akasema swichi ya feni imekufa, na spea hana, akaiunga feni dairekti na swichi ya taa ya chumbani, ile nyeupe ya ukutani, kaifunga kwenye usukani na mpira wa tyubu. Elfu kumi na tano. Nikiona mchanga nawasha, nikifika nazima. Abiria wananiuliza kama nimehamia humo.

Sasa nisiwe mnafiki, tangu siku hiyo limepiga kazi. Mlima linapanda, mafuta linanusa tu, na hela yake naweza kusema imerudi. Kuna siku nililiosha nikaliangalia nikasema kumbe si baya, nilikuwa na hasira tu. Mdogo wangu akaniuliza anunue, nikamwambia nunua.

Nikaifuta hiyo kauli juzi, maana sasa limeanza kula oili na fundi anasema ni joto la ile siku ya kwanza, gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini, iliumia palepale. Kwa hiyo wale watu waliponizungusha na kitabu chao injini ilikuwa inaoza taratibu, na kisa chote kilianzia kwenye kiswichi cha kiganjani tu! Nikikumbuka yule kijana na simu yake natetemeka mkono.

Mwenye kujua hiyo gasketi inapatikana wapi, Masasi, Lindi, hata Dar, aniambie. Ila lile duka asinitajie.