Nikabu za Mwanjelwa: ipi inahimili baridi ya Mbeya, na ipi haitamsumbua msafiri

Maduka ya mavazi ya stara ya Mwanjelwa na Kabwe huuza nikabu, kitambaa cha kufunika uso na kuacha macho, au ninja kama wengi wanavyoiita, za namna tatu hivi: ya lastiki, ya kamba yenye tabaka moja, na ya kamba yenye tabaka tatu. Nyingi zimekatwa kwa kufikiria joto la pwani na la Ghuba. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai pumzi hutoka kama moshi, na kiangazi chote vumbi halina likizo. Nguo inayosifiwa Kariakoo inaweza kuwa kero Uyole.

Ya lastiki ndiyo rahisi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Lastiki ikikaza, kichwa kinauma kabla ya adhuhuri. Ikilegea, kitambaa kinashuka puani na mkono haupumziki. Pasi ya moto na sabuni kali huiua mapema. Ukiinunua, vuta lastiki mara kadhaa pale pale dukani uangalie kama inarudi, kisha kagua pembe mbili inaposhonewa. Mshono wa mstari mmoja hapo utaachia. Mwambie fundi arudie mshono huo kwenda na kurudi.

Ya kamba yenye tabaka moja ndiyo tunayoipa alama za juu kwa mtu wa hapa, kwa sharti kwamba kitambaa ni krepu na si shifoni nyembamba. Sababu ni unyevu. Kwenye baridi, mvuke wa pumzi hugeuka maji upande wa ndani. Shifoni hulowa, ikanata mdomoni na kuvutwa kila unapovuta hewa. Pamba nayo hunywa maji na kukaa na ubaridi. Krepu ya poliesta ina uzito wa kutosha kuning'inia mbali kidogo na midomo, na ikilowa hukauka upesi. Jaribio la dukani: iweke usoni, vuta pumzi kwa nguvu. Ikikufuata mpaka mdomoni, irudishe. Kama umeshainunua, fundi anaweza kukunja mkunjo mdogo wa sentimita moja katikati, chini kidogo ya pua, ili kitambaa kitokeze mbele.

Vipimo viangaliwe kwa futi, si kwa neno la muuzaji kwamba saizi ni moja kwa wote. Nafasi ya macho iwe na upana wa sentimita 18 hadi 20 na kimo cha 5 hadi 6. Ikizidi hapo hushuka, ikipungua kope hugusa kitambaa. Kutoka puani hadi ncha ya chini, sentimita 45 hadi 50 zinatosha kufunika kifua bila kuingia kwenye sahani. Kila kamba iwe na walau sentimita 40, la sivyo fundo halishiki. Utepe wa paji la uso uwe na bitana ya pamba, kwani krepu juu ya ushungi unaoteleza haikai. Bitana ikikosekana, vaa kofia ya ndani ya pamba.

Kwa abiria wa bodaboda kuna mawili. Fundo likikaa kisogoni, helmeti hulikandamiza, basi lisogeze pembeni, nyuma ya sikio. Na ncha ya chini iingizwe ndani ya jaketi, maana upepo ukiipeleka nyuma inaweza kunaswa na gurudumu. Mwenye miwani aivae juu ya nikabu, si chini yake. Vile vikalio vya pua hubana kitambaa na kupunguza mvuke unaopanda kwenye vioo.

Ile ya tabaka tatu ni nzuri kwa macho na nzito kwa kichwa. Tabaka mbili za juu hufunguka na kurushwa nyuma, na ukizishusha hufunika hata macho. Kwa vumbi la barabara ya Tunduma inasaidia kweli. Tatizo ni kwamba tabaka hizo zikining'inia nyuma huvuta utepe, na kufikia jioni paji lina alama. Kwenye ngazi au kuvuka barabara, tabaka la machoni lipandishwe. Gizani halionyeshi kitu.

Sasa maneno ya wauzaji. Wapo wanaomwambia msafiri kwamba nikabu nyepesi, au ile isiyofika kifuani, "inakubalika Ulaya". Hayo ni maneno ya kuuzia. Sheria ya Ufaransa ya 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011, haitaji nikabu wala Uislamu. Inakataza kuficha uso mahali pa umma, na faini ni hadi euro 150. Wepesi wa kitambaa hauokoi mtu. Ubelgiji ilifuata mwaka huo huo wa 2011, Austria Oktoba 2017, Denmark Agosti 2018 kwa faini ya kuanzia kroni 1,000. Uswisi walipiga kura Machi 2021, waliotaka katazo wakashinda kwa asilimia 51 na ushei. Sheria ilianza Januari 2025. Uholanzi ni nafuu kidogo: tangu Agosti 2019 katazo linahusu shule, hospitali, ofisi za umma na usafiri wa umma, si barabarani. Uingereza haina sheria kama hiyo. Na si Ulaya tu: Chad na Kongo-Brazzaville zilikataza mwaka 2015, kwa hoja ya usalama.

Mjadala wenyewe huko Magharibi hauna pande mbili safi. Wapo wanaosema watu wanachunga ndimi mno, wanaogopa kuitwa wabaguzi hata mwanamke anapolazimishwa. Wengine wanajibu kwamba kumtetea mwanamke kumekuwa koti la chuki. Boris Johnson, mwanasiasa wa Uingereza, alichanganya yote mwaka 2018: aliandika kupinga katazo la Denmark, na katika makala hiyo hiyo akawafananisha wavaaji na masanduku ya barua. Waliokasirika na waliomtetea kwamba ana haki ya kusema walibishana juu ya dhihaka. Hoja ya sheria ikapotea njiani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya katazo la Ufaransa, ilikuwa makini zaidi mwaka 2014. Ilikataa hoja ya usalama na ya usawa wa jinsia, ikakubali moja tu, ya kuishi pamoja kwa kuonana nyuso. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaona tofauti mwaka 2018, ikasema Ufaransa ilikiuka haki za wanawake wawili. Kwetu hoja ya kuonana nyuso ni nyembamba kama shifoni, hasa baada ya 2020, ambapo Ufaransa ililazimisha barakoa huku katazo likibaki.

Kwa msafiri anayeanzia uwanja wa Songwe, basi, nunua ya kamba yenye tabaka moja. Uso utaonyeshwa tu, kwenye picha ya pasipoti na kwa afisa wa uhamiaji, na nikabu hiyo hufunguka kwa kuvuta ncha moja ikiwa umefunga fundo la kitanzi. Omba afisa wa kike mapema, kabla hujafika dirishani. Pini usitumie: inaweza kuliza mashine ya ukaguzi, na hutoboa krepu. Kama safari ni ya Paris au Brussels, nikabu ikae begini, na isifuliwe kwa jiki kabla ya kufungashwa; nyeusi hugeuka kahawia kwenye mikunjo.