Exercism kwa msanidi programu wa Mtwara asiye na mwenzake wa kazi

Msanidi programu anayejitegemea hapa Mtwara huandikia mifumo chama cha msingi cha wakulima wa korosho, duka la dawa au nyumba ya wageni, na mteja humpima kwa jambo moja tu: kilo za magunia na makato vikijumlishwa sawasawa, analipa. Hakuna atakayefungua faili kutazama kama msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, unasomeka. Kwa sababu hiyo naona Exercism, huduma ya bure ya mtandaoni ya mazoezi ya kuandika programu iliyoanzishwa na Katrina Owen mwaka 2013, inamfaa mtu huyo kuliko kozi za video, ambazo juu ya yote humaliza bando.

Mazoezi yake yapo katika lugha za programu zaidi ya 70, na kila zoezi huja na majaribio yake, yaani vipimo vinavyokagua kama jibu lako ni sahihi. Unaweza kulipakua kwa amri moja, ukalifanyia kazi bila mtandao kwenye kompyuta yako, kisha ukawasilisha jibu intaneti ikirudi.

Chukua zoezi la Leap, linalokutaka utambue mwaka mrefu, ule wa siku 366. Kugawanyika kwa 4 hakutoshi, kwani 1900, unaogawanyika kwa 100, haukuwa mwaka mrefu ilhali 2000 ulikuwa, kwa kuwa unagawanyika pia kwa 400. Ajifunzaye peke yake ataandika masharti matatu yaliyoingiana, kila moja likirudisha kweli au si kweli. Majaribio yatapita yote, naye ataridhika. Akishawasilisha, hukuta majibu ya wenzake, mengine ya mstari mmoja, na anaweza kumwomba mshauri wa kujitolea ausome msimbo wake. Mshauri makini atamuuliza kwa nini arudishe kweli au si kweli kwa mkono, wakati sharti lenyewe tayari lina thamani hiyo. Swali kama hilo mteja wa korosho hatakuuliza kamwe.

Maelezo ni ya Kiingereza, na kwa kuwa washauri wanajitolea, yapasa kuwa na subira. Upungufu mkubwa zaidi ni udogo wa mazoezi: hayafundishi kupanga hifadhidata ya msimu mzima, wala kurekebisha mfumo wa zamani makato yanapobadilika. Anayeanza achague lugha anayowafanyia wateja wake kazi, na aombe ushauri hata pale majaribio yote yanapokuwa yamepita.